Kazi imekwama kwenye klasta: dalili, chanzo na la kufanya

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko mwingine wowote haufiki hata mistari miwili: "Shikamoo mwalimu. Kazi yangu imegoma tangu juzi, naomba msaada." Naitikia marahaba, kisha naomba kitu kimoja tu, namba ya kazi. Bila namba hiyo tunapiga ramli. Nikiipata, klasta yenyewe, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa, hunieleza mtu aliomba nini, alipewa nini, alitumia kiasi gani na kazi yake ilifia wapi.

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa uzamili, wahadhiri na watafiti wanaofundisha modeli za akili mnemba kwenye mashine ya pamoja, ile inayotumiwa na idara nyingi au vyuo vingi kwa wakati mmoja. Amri ni za Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi kwenye klasta. Ukiwa na akaunti kwenye Lengau, mashine ya Cape Town iliyozinduliwa 2016, utakuta PBS Pro, mpangaji mwingine: qsub inachukua nafasi ya sbatch (kutuma kazi), na qstat nafasi ya squeue (kutazama foleni). Majina yanatofautiana, lakini magonjwa ni yale yale.

Kazi imekaa PD, haisogei

Andika `squeue --me`. Wengi huona herufi PD (pending, yaani inasubiri) wakakata tamaa hapo hapo, ilhali jibu limo ndani ya mabano, kwenye safu ya mwisho.

Ukiona *Resources*, uko karibu na mbele ya foleni na unasubiri vifaa viachwe wazi. Usiiguse kazi hiyo. Kuifuta na kuituma upya ni kurudi nyuma ya mstari kwa hiari yako. *Priority* maana yake wapo wenye kipaumbele kuliko wewe. *QOSMaxGRESPerUser* ni kikomo cha kadi za GPU, zile zinazoharakisha hesabu za modeli, kwa mtu mmoja: zako nyingine zikimaliza, hii itaingia. *DependencyNeverSatisfied* inangojea kazi iliyokwisha kufa, kwa hiyo haitaanza kamwe, ifute. *PartitionTimeLimit* inasema umeomba saa nyingi kuliko sehemu hiyo inavyoruhusu. Hapo huhitaji kuanza upya, punguza tu muda kwa `scontrol update JobId=123456 TimeLimit=12:00:00`.

*ReqNodeNotAvail* huwatisha watu bure. Mara nyingi ni matengenezo yaliyokwisha kutangazwa. Chukulia sasa ni saa kumi jioni na nodi (kompyuta zinazounda klasta) zitazimwa kesho saa mbili asubuhi. Zimebaki saa 16. Aliyeomba saa 72 hawezi kuanzishwa, kwa sababu kazi yake ingekatwa katikati. Aliyeomba saa 12 anapita na kumaliza kabla ya mafundi kufika.

Mwanafunzi mmoja aliyeniandikia ujumbe kama ule wa mwanzo alikuwa anafundisha modeli ya kutambua sauti ya Kiswahili kwa rekodi za Common Voice, mkusanyo wa wazi wa sauti wa Mozilla. Nilifungua skripti yake nikakuta hivi: kadi 4 za GPU, RAM GB 256, saa 72. Nikatazama kazi yake ya wiki iliyotangulia. Nayo ilipewa kadi 4, lakini iliendeshwa kwa `python train.py` tupu, bila kitu chochote cha kuigawa. Kadi moja ilifanya kazi na tatu zilikaa zimefungiwa hadi mwisho. Nilipomuuliza kwa nini aliomba 4, alisema aliikopi skripti ya mwenzake. Tukaibadilisha: kadi 1, RAM GB 32, saa 6, na modeli ihifadhiwe njiani ili iendelezwe kwenye duru inayofuata. Kazi iliyokuwa imekaa tangu Jumatatu iliingia kabla hatujamaliza kuzungumza.

Hapakuwa na upendeleo wowote. Slurm hupanga kama wapakiaji wa jahazi: magunia makubwa yakishapangwa, vifurushi vidogo hupenyezwa kwenye mianya iliyobaki. Inaruhusu kazi ndogo itangulie endapo itamaliza kabla ya saa ambayo kazi kubwa iliyo mbele inatarajiwa kuanza. Ili ifanye hivyo inaangalia muda uliouandika wewe. Ukijaza saa 72 kwa kazi ya saa 5, umejiziba mianya yote. Baada ya kila kazi andika `seff` na namba yake, uone ulichotumia kweli, kisha duru ijayo omba hicho na nyongeza kidogo. Laiti kila mtumiaji angefanya hili moja tu, nusu ya malalamiko ya foleni yasingenifikia.

Kuna na suala la mgawo wa haki, unaoonekana kwa `sshare`. Kundi lililotumia sana siku za karibuni hushuka kipaumbele, kisha hupanda tena polepole kadiri siku zinavyopita. Hesabu hufanyika kwa akaunti ya kundi pia, kwa hiyo mwenzako wa maabara akichoma kadi 8 wiki nzima, nawe unashuka naye. Zungumzeni nyinyi kwa nyinyi kabla ya kuniandikia mimi.

Ilianza vizuri, asubuhi imekufa

Anza na `sacct -j 123456 --format=JobID,State,ExitCode,Elapsed,ReqMem,MaxRSS`.

*TIMEOUT* inaeleweka: muda uliisha. Dawa yake ni kuhifadhi modeli mara kwa mara, pamoja na hali ya Adam (kanuni inayosasisha vigezo vya modeli) na namba ya hatua, ili duru ijayo ianzie pale ilipoachia. Mstari `#SBATCH --signal=USR1@300` hutuma ishara sekunde 300 kabla ya kukatwa, nayo programu yako ikiwa imeanzishwa kwa `srun` na imeandikwa kuisikia itahifadhi na kutoka salama. Naomba uhifadhi kwenye faili jipya, kisha ulibadilishe jina likikamilika. Nimeona mtu akipoteza siku 3 kwa sababu kazi ilikatwa wakati inaandika juu ya nakala yake pekee.

*OUT_OF_MEMORY* ndipo panapochanganya, kwa sababu kuna kumbukumbu mbili. Hiyo ya Slurm ni RAM ya nodi, ile uliyoiomba kwa `--mem`. Linganisha ReqMem na MaxRSS; ukiona namba 137 mahali popote, hiyo ni 128 kujumlisha 9, yaani mchakato uliuawa kwa nguvu, na mara nyingi sababu ni RAM. Mkosaji wa kawaida ni aliyepakia data yote kwa mkupuo mmoja.

Ujumbe wa *CUDA out of memory* ni jambo lingine kabisa. Hiyo ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, na kuongeza `--mem` hakutaisaidia hata kwa gigabaiti moja. Piga hesabu kabla. Ukifundisha modeli nzima kwa Adam, kila kigezo (namba ambayo modeli hujifunza) kinakula takriban baiti 16: thamani yake, gradienti yake (mwelekeo wa kuibadilisha) na takwimu mbili za Adam, kila moja baiti 4. XLM-R kubwa, modeli ya lugha nyingi, ina vigezo milioni 550, hivyo GB 8.8 zimekwenda kabla hujaingiza hata sentensi moja. Modeli ya vigezo bilioni 7 inadai GB 112, na hata kadi ya A100 ya GB 80 haiitoshi. Kwa hiyo modeli za ukubwa huo zinafundishwa kwa LoRA: uzito wa asili unagandishwa, na unafunzwa ule mdogo wa nyongeza tu. Uzito wa vigezo bilioni 7 kwa biti 16 ni GB 14, na ukiubana hadi biti 4 unakaribia GB 3.5.

Kama modeli inaingia lakini inapasuka katikati, punguza ukubwa wa bachi (mifano inayoingizwa kwa mara moja) na ulimbikize gradienti hatua kadhaa kabla ya kusasisha. Hesabu inabaki karibu sawa. Halafu angalia urefu wa sentensi. Sisi tunaofanyia kazi Kiswahili tunaumia zaidi hapa. Neno kama "hawatatufundishia" ni moja kwetu, lakini modeli za lugha nyingi hulikata vipande kadhaa, na sentensi fupi kwa macho inakuwa ndefu kwa kadi. Chora mgawanyo wa urefu wa data yako kwanza. Mara nyingi utakuta sentensi chache ndefu mno ndizo zinazoiangusha kazi nzima.

Inatembea, ila inatambaa

Sehemu hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu kazi haifi. Haitoi kosa lolote. Inashikilia kadi ya thamani kwa siku 2 ikifanya kazi ya saa 3, na nyuma yake watu wamejipanga.

Ingia ndani ya kazi ikiwa inaendelea: `srun --jobid=123456 --overlap --pty nvidia-smi`. Tazama GPU-Util, uirudie mara 5 au 6, maana mara moja haitoshi.

Yule mwanafunzi wa sauti, baada ya kuvuka foleni, alirudi kesho yake: yuko duru nyingine na epoki moja (kupitia data yote mara moja) haijaisha. Tulipotazama, kadi ilikuwa inasoma asilimia 7, inaruka hadi 90 kwa kufumba na kufumbua, inashuka tena. Mdundo huo maana yake kadi ina njaa. Inameza bachi, kisha inakaa kusubiri nyingine. Hapo acha kuichunguza modeli na ufuate njia ya data.

Tulikuta sababu tatu, moja juu ya nyingine. Ya kwanza, hakuandika `--cpus-per-task`, na Slurm kwa kawaida humpa mtu kiini kimoja cha CPU. Ya pili, DataLoader, kisomaji data cha PyTorch (maktaba ya kufundishia modeli), ikiachwa ilivyo ina `num_workers` sifuri, hivyo mchakato ule ule unaoendesha modeli ndio pia unaosoma faili. Tukaomba viini 8 na kuweka wasomaji 7. Kumbuka viwili hivi vinakwenda pamoja: wasomaji 16 juu ya kiini kimoja ni msongamano mtupu.

Ya tatu ndiyo kubwa. Common Voice inakuja kama faili za mp3, kila sentensi faili lake. Katika kila epoki, programu ilikuwa inafungua makumi ya maelfu ya vifaili, inafumbua mp3, inabadilisha masafa kuwa kHz 16 ambayo modeli kama Whisper na wav2vec2 hutaka, kisha inatupa matokeo na kuanza upya epoki ijayo. Hiyo kazi ya kugeuza inatakiwa ifanyike mara moja, kwenye nodi za CPU, bila kadi yoyote. Matokeo yafungwe kwenye mafurushi machache ya tar. Kazi ikianza, inakopi mafurushi hadi diski ya ndani ya nodi, kwa kawaida `$TMPDIR`, na kusoma kutoka hapo.

Hili linawahusu na wengine. Diski ya pamoja aina ya Lustre ina seva maalumu inayojua kila faili liko wapi, na kila ufunguzi wa faili lazima ubishe hodi pale. Lustre hupenda faili chache kubwa. Vifaili vidogo vingi huilemea. Mtu mmoja akiifungulia vifaili laki moja mfululizo, mhadhiri wa chuo kingine anayeandika `ls` tu anakaa kusubiri, naye anadhani ni intaneti yake.

Baada ya marekebisho hayo kadi ilipanda na kukaa juu ya 85. Alinitumia picha ya skrini bila maneno.

Na kama umeomba kadi 4, hakikisha zote 4 zinaonyesha matumizi. Ikiwa moja ndiyo inayofanya kazi, skripti yako haijagawanywa; unahitaji `torchrun --nproc_per_node=4` na msimbo ulioandikwa kwa ajili hiyo. Usipokuwa na uhakika, rudi kwenye moja.

"Disk quota exceeded", na unadhani faili zako ni chache

Kuna vikomo viwili, ukubwa na idadi ya faili. `lfs quota -h -u $USER` pamoja na njia ya diski yako itakuonyesha vyote. Mara nyingi ni idadi. Mazingira moja ya conda (kisakinishi cha programu) hubeba makumi ya maelfu ya vifaili, na mtu ana mazingira 6 ya majaribio aliyoyasahau. Ndani ya folda yako andika `du --inodes -d 1 | sort -n`, mkosaji ataonekana chini. Mazingira usiyoyahitaji yafute kwa `conda env remove -n` na jina lake, na akiba ya vifurushi isafishe kwa `conda clean -a` na `pip cache purge`. Modeli zilizopakuliwa kutoka Hugging Face hujificha kwenye `~/.cache/huggingface`, elekeza `HF_HOME` kwenye diski ya kazi badala ya nyumbani.

Hapo hapo: kazi ikigoma kwa kushindwa kupakua modeli, ujue nodi za kazi kwenye klasta nyingi hazina intaneti. Pakua kwanza ukiwa nodi ya kuingilia, kisha weka `HF_HUB_OFFLINE=1` kwenye skripti.

Kadi haionekani, au "no kernel image is available"

`torch.cuda.is_available()` ikisema False ukiwa nodi ya kuingilia, hiyo ni kawaida, huko aghalabu hakuna GPU. Ikisema hivyo ndani ya kazi, angalia kama uliandika `--gres=gpu:1`, halafu kama PyTorch uliyosakinisha si ile ya CPU pekee.

Ujumbe wa *no kernel image* una chanzo ambacho eneo letu linapaswa kukifahamu vizuri. Vifaa vyetu vya pamoja aghalabu si vipya. Mashine ya Ranger ya Chuo Kikuu cha Texas huko Austin ilipozimwa 2013, sehemu yake ilisafirishwa hadi Afrika Kusini ili igawiwe vyuo vya Afrika, na mpaka leo vyuo vingi vinaendesha vifaa vilivyokwisha tumika kwingine. Sioni aibu katika hilo, vimesomesha watu. Lakini programu hazisubiri. Kadi ya V100 ni ya kizazi cha 7.0, na CUDA 13, programu ya NVIDIA ya kuendeshea hesabu kwenye kadi, imeacha kukihudumia. Ukiandika `pip install torch` leo bila kutaja toleo, unaweza kuletewa kifurushi kisichoijua kadi yako kabisa. Funga toleo kwenye faili la mahitaji, lililojengwa kwa CUDA ambayo bado inakitambua kizazi hicho.

V100 hiyo hiyo, na T4 pia, hazina bfloat16 ya maunzi (namba za biti 16 zenye upana wa thamani kama wa fp32, yaani biti 32). Kwa kadi za NVIDIA ilianza na A100. Watu hubadilisha kwenda fp16 (biti 16 zenye upana mdogo) na kuendelea, kisha thamani ya kosa inageuka NaN, yaani si namba tena. Kwa mT5, modeli ya lugha nyingi ya Google, hili hutokea sana: ilifunzwa kwa bfloat16, na namba zake hufurika ndani ya fp16. Ifundishe kwa fp32 na bachi ndogo. Ni polepole, ila inafika.

Unakatika katikati

Kwanza ondoa hofu moja: kazi iliyotumwa kwa sbatch haikutegemei. Umeme ukikatika kwako, bando likiisha, yenyewe inaendelea. Inayokufa ni ile uliyoiendesha kwa mkono. Kwa hizo fungua `tmux` kabla, huendelea hata ukikatika.

Kuhamisha data ni hesabu ya wazi. GB 100 kwa kasi ya Mbps 10 ni sekunde 80,000, yaani saa 22 bila kukatika hata mara moja. Tumia `rsync -aP`, ambayo hubakiza kipande kilichofika na kuendelea nacho, kisha hakiki kwa `sha256sum`. Anzia chuoni ukiweza. TERNET, KENET na RENU, mitandao ya utafiti ya Tanzania, Kenya na Uganda, zimeunganishwa kupitia UbuntuNet Alliance, na kwenye njia hiyo ya utafiti mambo ni tofauti kabisa na bando la simu.

"Permission denied (publickey)" wakati mwingine huisha kwa `chmod 600` kwenye ufunguo wako. Na sbatch ikilalamikia *DOS line breaks*, uliandika skripti kwenye Windows, `dos2unix` inatosha.

Darasa zima limekwama

Wanafunzi 40 wakifungua Jupyter (daftari la msimbo) saa mbili na nusu asubuhi kwenye klasta yenye kadi 8, kila mmoja na GPU yake, wa 9 ndiye wa kwanza kukosa. Na waliopata huishikilia wakati mwalimu bado anaeleza. Omba nafasi ya kipindi ihifadhiwe wiki moja kabla, mtumie `--reservation`. A100 inaweza kukatwa hadi vipande 7 kwa MIG, na kipande kimoja kinamtosha mwanafunzi anayejaribu MasakhaNER ya 2021, data ya kutambua majina katika lugha za Afrika, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake 10. Mazoezi ya wiki za mwanzo yawe ya CPU. Kazi za nyumbani zitumwe kama safu, `--array=1-40%8`, zipite 8 kwa zamu.

Na ikiwa kosa ni letu tunaoiendesha klasta

Hutokea. *NODE_FAIL* si kosa lako. Ukikuta neno *Xid* kwenye ripoti, hasa Xid 79, kadi imepotea kwenye nodi na hakuna msimbo utakaoirudisha. Dalili nyingine ni kazi ile ile kufa kila inapoangukia nodi moja na kupona kwingine; tuma tena kwa `--exclude=` na jina la nodi hiyo. Kisha tuandikie hapo hapo, hata kama yako imeshapita: namba ya kazi, jina la nodi, mistari 20 ya mwisho ya ripoti. Nodi mbovu huua kazi haraka, kwa hiyo inaonekana iko wazi tena na tena, na foleni inaendelea kuimwagia kazi za watu usiku kucha mpaka mtu mmoja aseme.